Christopher Okigbo na Mashairi Yanayotaka Msuli

Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Orodha ya waliohudhuria ukiisoma leo unaweza kudhani ni silabasi ya kozi ya fasihi: Chinua Achebe, Wole Soyinka, J.P. Clark, Ezekiel Mphahlele, Langston Hughes kutoka Marekani, na mwanafunzi mmoja wa hapohapo ambaye wakati ule bado anaitwa James Ngugi. Alikuwepo pia Mnigeria wa miaka 29, Christopher Okigbo. Huyu aliwaambia wenzake, bila kupepesa macho, kwamba yeye mashairi yake huwasomea washairi tu. Asiye mshairi hayamhusu.

Mtu akitamka hivyo leo kwenye usiku wa mashairi chuoni, atazomewa mpaka ashuke jukwaani. Na kauli ile imemwandama Okigbo tangu siku hiyo. Kila anayetaka kuthibitisha kwamba washairi wasomi wana maringo, anamtoa Okigbo wa Makerere kama kielelezo mahakamani.

Mwezi huohuo, huku Tanganyika, Shaaban Robert alifariki dunia. Hakualikwa Kampala, maana mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, jambo ambalo Ngũgĩ alikuja kulilalamikia sana miaka ya baadaye. Shaaban alikuwa mshairi ambaye tungo zake zilitoka gazetini, kwenye Mambo Leo, mtu anazisoma barazani huku anasubiri chai. Kwa hiyo Juni ile moja, Afrika Mashariki ilikuwa inamzika mshairi aliyeacha mlango wazi, na papo hapo inamsikiliza mwingine aliyeufunga na kuweka komeo. Mimi nataka kumzungumzia huyu wa pili, kwa sababu sisi wanachuo tuna tabia ya kukimbia kila kitu kinachotaka msuli, halafu tukasema mwandishi ndiye mwenye makosa.

Alizaliwa Agosti 1932 Ojoto, kijiji kilicho karibu na Onitsha, mashariki mwa Nigeria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule za misheni za Kikatoliki. Babu yake mzaa mama alikuwa kuhani wa Idoto, mungu wa kike wa mto unaopita hapo kijijini. Ndugu waliamini kwamba Christopher ni babu yule amerudi, na kwamba ukuhani ule ulikuwa haki yake. Hebu litazame jambo hilo vizuri. Baba anafundisha katekisimu, mtoto amebatizwa, anasikia misa ya Kilatini kanisani, na wakati huohuo nyumbani anahesabiwa kuwa kuhani wa mto. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Vitu hivi vyote vimo kwenye mashairi yake, na havijapangwa kwa foleni.

Alisoma Government College, Umuahia, shule ileile aliyosoma Achebe, na mwaka 1950 akaingia University College, Ibadan, kusomea udaktari. Wazazi wa wakati ule hawakuwa tofauti na wa kwetu: ukifaulu, udaktari. Okigbo hakumaliza hata njia. Alihamia Kigiriki na Kilatini, akamaliza mwaka 1956. Alikuwa mtu wa watu, mpenda starehe, mpiga kinanda. Soyinka aliposimama kuimba mbele ya hadhara, Okigbo ndiye aliyemsindikiza kwa piano. Baada ya chuo alirukaruka: kampuni ya sigara, kampuni ya biashara, ukatibu wa waziri wa serikali ya shirikisho. Mwaka 1958 akaenda kufundisha Kilatini kwenye shule ya sekondari ya Fiditi, si mbali na Ibadan, na huko ndiko alikoamua kwamba hana kazi nyingine duniani isipokuwa ushairi. Baadaye akawa mkutubi msaidizi Nsukka, kisha mwakilishi wa Cambridge University Press Afrika Magharibi. Kazi zilibadilika, ushairi ukabaki. Mwaka 1962 klabu ya Mbari ya Ibadan ilimchapishia kitabu chake cha kwanza, Heavensgate.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, maana watu huusema bila kuugusa. Heavensgate inaanza na mtu anayerudi kwa mama wa mto akiwa mnyenyekevu kama mwana mpotevu. Mwanafunzi anayefungua ukurasa huo bila kujua chochote ataona maneno mazuri yanayoelea tu. Anafunga kitabu, anatafuta desa. Lakini mpe mambo manne: Idoto ni mto wa kijijini kwao, babu alikuwa kuhani wake, mjukuu alibatizwa akapelekwa shule za wazungu, na kisa cha mwana mpotevu kimo katika Injili ya Luka. Ndani ya dakika ishirini mlango umefunguka. Kumbe mpotevu huyu harudi kwa baba wa kwenye Injili, anarudi kwa bibi wa majini ambaye kanisa lilimwambia amwache. Kisa cha wamisionari kimegeuzwa kikawatazama wamisionari wenyewe. Ungeweza kulisema hilo kwa sentensi moja kama nilivyolisema mimi hapa, na tazama limepoteza nini: limekuwa taarifa. Ndani ya shairi msomaji anapotea kwanza, kisha anarudi, kama yule anayesimuliwa.

Si kila ugumu wake una malipo hayo. Kuna kurasa katika Limits, na hasa katika Distances, ambazo nimezisoma mara nyingi na bado nashuku kwamba nyuma ya pazia hakuna kitu, ni pazia jingine. Okigbo alikopa mistari na midundo kwa washairi wa Ulaya na Marekani bila haya, Eliot na Pound mbele ya wote, na mahali pengine unasikia deni kuliko sauti yake. Mwenyewe alisema hakuwa anatafuta maana kama watu wanavyoielewa, alikuwa anatafuta sauti. Alipoandika Heavensgate, kichwa chake kilikuwa kimejaa muziki wa Debussy na Ravel. Hoja hiyo inaweza kuwa kisingizio cha uvivu, lakini kwake ilikuwa na ukweli. Msome kwa sauti, uone. Wazee wetu wanaopenda taarab hawasimamishi wimbo kila neno ili waelezwe; wanauacha upite, wanasikiliza tena kesho, na fumbo linafumbuka lenyewe au jirani analifumbua kwa kicheko. Hakuna aliyewahi kusema Siti binti Saad ana maringo kwa sababu nyimbo zake zina mafumbo.

Na hapo ndipo nadhani tunafika kwenye kiini cha ugomvi. Fumbo la taarab lina jirani. Kitendawili kina bibi anayekaa jioni na kudai mji kabla hajakujibu. Utenzi wa Fumo Liyongo una kile kisa maarufu cha gerezani: Liyongo anatunga wimbo, Saada mjakazi anaupeleka kwa mama yake, walinzi wanausikia wote wala hawaambulii kitu, mama anaelewa kwamba mwanawe anataka tupa ifichwe ndani ya mkate wa wishwa. Ule ulikuwa ugumu uliookoa maisha, na ulifanya kazi kwa sababu mama alikuwa na ufunguo. Okigbo naye alikuwa na funguo, lakini alizigawa kwa kikundi kidogo: washairi wenzake wa Mbari, wasomaji wa jarida la Transition la Kampala ambalo yeye alikuwa mhariri wake upande wa Afrika Magharibi, watu waliosoma Virgil. Mwanamke wa Ojoto aliyemjua Idoto kuliko yeyote hakujua Kiingereza kile. Mwingereza aliyekijua Kiingereza kile hakumjua Idoto. Mashairi yalikuwa yanamngoja msomaji mwenye vyote viwili, na mwaka 1962 wasomaji wa namna hiyo ungeweza kuwakusanya kwenye ukumbi mmoja pale Makerere. Tena walikuwa wamekusanyika kweli. Labda ndiyo maana alisema vile.

Kitu kinachosahauliwa na wanaomshambulia ni kwamba alianza kubadilika mapema, na kilichombadilisha ni habari za mchana wa jua kali. Lumumba aliuawa Januari 1961. Mwaka 1962 siasa za Nigeria Magharibi zikaanza kuvurugika, Awolowo akafungwa, kisha mtoto wake mkubwa akafa kwa ajali ya gari baba akiwa kizuizini. Mambo haya yaliingia kwenye mashairi anayoyaita Silences. Bado ni magumu, bado kuna kwaya za akina dada wasiosema na ngoma zinazolia, lakini sasa kuna maiti halisi chini yake. Na Oktoba 1965, alipokuwa anayapanga mashairi yake kuwa kitabu kimoja, alifanya jambo ambalo Okigbo wa Makerere asingelifanya: aliandika utangulizi. Akaeleza Idoto ni nani, safari ya mhusika wake inaanzia wapi na kuishia wapi, Lumumba yuko sehemu gani na Awolowo sehemu gani. Ni kurasa chache tu, lakini kwangu mimi ni sawa na mtu aliyekuwa amefunga nyumba yake miaka mitatu akaamua kuuacha ufunguo chini ya jiwe mlangoni. Hakubomoa nyumba ili ipitike kirahisi. Mashairi aliyaacha magumu vilevile. Alichokuwa amefanya kwa miaka yote ile ni kuyasahihisha na kuyapunguza, mpaka toleo la mwisho la Heavensgate likawa tofauti na lile la 1962. Msomaji anatoa jasho, sawa, lakini mtunzi alishatoa la kwake kwanza.

Aprili 1966 tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi lilifanyika Dakar, na Okigbo akapewa tuzo ya ushairi. Akaikataa. Kwake hakukuwa na ushairi wa weusi wala wa weupe, kulikuwa na ushairi mzuri na mbaya. Waliomwona anaringa Kampala walimwona anaringa tena Dakar. Mimi naona alikuwa anadai kitu kilekile: asipunguziwe mzigo, asisomwe kwa huruma.

Lakini tarehe hiyo inachekesha kidogo, kwa sababu wakati anakataa kuwekwa kwenye kundi, kalamu yake ilikuwa tayari imeshakwenda barabarani kwa umma. Januari 15, 1966, majeshi yalipindua serikali Nigeria. Waziri Mkuu Balewa akauawa, na Ahmadu Bello wa Kaskazini akauawa. Kati ya mwisho wa 1965 na mwaka uliofuata Okigbo aliandika Path of Thunder, mashairi ya kutabiri vita. Ukitoka kwenye Distances ukaingia humo, unashtuka. Kuna radi, kuna tembo, kuna chui, kuna majambazi wanaogawana nchi, kuna methali za Kiigbo zilizotafsiriwa hivihivi, kuna ngoma ya gogo, ile iliyotumika kijijini kuita watu. Kuna majina ya watu wa magazetini. Mshairi anajitaja mwenyewe kwa jina na kujipa kazi ya mpiga mbiu wa mji mwenye kengele ya chuma. Sisi tunasema la mgambo likilia kuna jambo. Mpiga mbiu hawezi kuchagua masikio ya washairi peke yao. Nyumba inaungua.

Je, ina maana alikuwa amekosea miaka yote ya nyuma, na sasa ameokoka? Ndivyo walivyosema Chinweizu na wenzake wawili, Jemie na Madubuike, katika kitabu chao cha 1980 kuhusu kuikomboa fasihi ya Afrika. Waliwachapa viboko washairi wa Ibadan na Nsukka kwa Kiingereza cha kizamani, picha za kuokoteza na mafumbo yasiyofumbuka, kisha wakamsifu Okigbo wa mwisho kama mtoto aliyerudi nyumbani. Soyinka alishawajibu kwa ukali tangu walipoanza kuyasema hayo majaridani. Mimi sehemu kubwa ya malalamiko yao nayakubali, hasa kuhusu wale waliomwiga Okigbo bila kuwa na Idoto wala Kilatini. Ila hadithi yao ya mpotevu aliyerudi ni nyepesi mno. Kwanza, nani aliwaambia kwamba jadi ya Afrika ni nyepesi? Babalawo wa Kiyoruba hukaa miaka kujifunza aya za Ifa. Ngoma zinazosema husikiwa na kijiji kizima na kueleweka na waliofunzwa. Pili, chukua Path of Thunder usome polepole: mdundo wake, marudio yake, namna sauti moja inavyoitikiwa na nyingine, vyote alivijenga kwenye mashairi magumu ya Silences. Asingeandika vile mwaka 1966 kama asingekuwa amefanya mazoezi gizani miaka minane. Tunayemshangilia kwa urahisi wake ni mtu aliyepiga msuli.

Baada ya mapinduzi ya pili ya Julai 1966 na mauaji ya Waigbo huko Kaskazini, watu wa mashariki walirudi kwao kwa maelfu, Okigbo naye akarudi. Enugu, yeye na Achebe walianzisha kampuni ndogo ya uchapishaji, Citadel Press. Mei 30, 1967 Biafra ikatangazwa, Julai vita ikaanza. Okigbo aliacha karatasi mezani akaenda kupigana, akapewa umeja bila kupitia chuo chochote cha kijeshi. Mwaka huohuo, miezi michache tu baada ya risasi ya kwanza, aliuawa karibu na Nsukka, mji aliowahi kukaa akipanga vitabu maktabani. Alikuwa na miaka 35. Path of Thunder ilitoka katika jarida la Black Orpheus mwaka 1968, mwenye utabiri akiwa tayari amemezwa na utabiri wake. Kitabu chenye mashairi yake hayo, pamoja na ule utangulizi wa 1965, kilitoka 1971 na hata leo ni chembamba, kinaingia kwenye mfuko wa koti.

Mwaka huohuo wa 1971 mtu wa Mombasa aliyekuwa profesa Makerere, Ali Mazrui, alitoa riwaya yake ya pekee, The Trial of Christopher Okigbo. Okigbo anashtakiwa ahera. Kosa: kwamba alikuwa msanii mkubwa, na akaacha sanaa akafa kama askari kwa ajili ya kabila lake. Mazrui si kwamba alikuwa shabiki wa mashairi ya kufungafunga, alishayakosoa. Hata hivyo katika riwaya anamshtaki mtu huyu kwa kuwaibia watu wote kitu ambacho kilikuwa mali yao. Hapa ndipo mimi huwa nacheka peke yangu. Mshairi aliyesema kazi yake ni ya washairi tu, anafunguliwa kesi kwa niaba ya bara zima, tena na watu ambao wengi wao hawajamaliza kurasa kumi za kitabu chake. Ugumu wake haukuwazuia kuona kwamba wamepotelewa.

Achebe naye alimwombolezea. Aliandika kwa Kiigbo, akifuata wimbo wa kimila ambao rika huimba wakizunguka kumtafuta mwenzao aliyetoweka, wakiuliza kama yuko mtoni, kama yuko msituni, kama yuko uwanja wa ngoma. Mtu yeyote wa Ojoto angeuimba bila kufundishwa.

Ile ofisi ya Citadel Press ilibomolewa vitani. Kitabu walichokuwa wanakiandaa pale kilinusurika, kikatoka mwaka 1972: hadithi ya watoto inayoeleza chui alivyopata makucha, kazi ya Achebe na John Iroaganachi. Wanyama wanajenga ukumbi wa wote, mbwa anawapora, na paa aliyefukuzwa anabaki nje kwenye mvua analia. Kilio cha yule paa ni shairi, na aliyelitunga ni Okigbo. Halina Idoto wala Virgil. Mtoto wa darasa la tatu analielewa mara moja, na akikua akajua lilitungwa Enugu, na wakati ule nani alikuwa amemfukuza nani, atalielewa mara ya pili.